Mapishi ya Msimu Uliopita

4 Februari

Wifi yangu,

Hujambo, na pacha wetu hawajambo? Yule wa kiume ameacha kula chaki? Na mdogo wangu, bado anachomelea mageti bila miwani? Mwambie mumeo macho hayauzwi sokoni. Mimi huku mzima, ila mgongo. Jiko letu la hospitali limepakwa rangi mpya ya kijani, na sasa kila anayeingia anaonekana mgonjwa, hata mganga mkuu mwenyewe.

Naandika barua kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulinikatia, au nilikukatia mimi, tusibishane. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake. Dereva wa lori la vitunguu amekubali kuzibeba, kwenda na kurudi.

Sasa tuje kwa baba. Daktari amesema wazi: kidonda cha mguuni hakitafunga kama sukari haishuki, na kisipofunga watakata. Mimi sitaki kusikia neno hilo. Mzee Hamira, mtu aliyesimama mbele ya tanuri la mikate tangu hatujazaliwa, akatwe mguu kwa ajili ya chai na mkate mweupe? Haiwezekani nikiwa hai, na mimi ndiye mpishi wa wagonjwa.

Basi sikiliza. Mpikie vitu vya msimu, maana ndivyo vibichi na ndivyo rahisi. Huu ni wakati wa maboga. Loweka kunde usiku kucha, zichemshe ziive. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, kimoja tu, nakujua mkono wako, tia nyanya mbili, tia kunde, kisha vipande vichache vya boga. Boga lisizidi, nalo lina utamu wake. Likishalainika ndipo utie majani ya maboga yaliyokatwa, mengi, mpaka chungu kilalamike. Yakigeuka rangi epua. Chumvi ni ya kubana kwa vidole viwili. Mpikie chungu chake peke yake, usichanganye na chenu.

Nimempa dereva chupa ya asali, ya pacha, kwa kile kikohozi chao. Huku nyuki wamefanya kazi mwaka huu.

Ni mimi,
Shangazi wa pacha


2 Machi

Wifi,

Sisi wazima. Pacha wameanza shule, wa kike analia asubuhi na wa kiume analia jioni, kwa hiyo nyumba haikosi muziki. Mume wangu amenunua miwani, anaivaa kwenye paji la uso. Mimi nina sare za kwaya nzima za kushona, na kila mwanakwaya ananenepa kati ya kipimo na kipimo.

Barua yako imefika jana. Ndiyo, jana. Dereva anasema gia ilivunjika njiani, lakini nimemwona ana shati jipya na tabasamu, sijui gia gani hiyo. Bahasha inanuka vitunguu, nimetoa machozi kabla sijasoma hata mstari mmoja.

Wifi, maboga yamekwisha. Yalikuwepo, nakubali, yalikuwa yamejaa hadi mbuzi wanayakataa. Wakati huo barua yako ilikuwa imelala chini ya magunia. Nimezunguka soko zima kwa ajili ya neno lako, nikapata boga moja, muuzaji akaniambia hilo analikalia yeye, ni kigoda. Msimu haungoji barua, mama.

Nikafanya kwa akili yangu. Mchicha upo, dagaa wapo, bilinganya zipo. Nikachukua kunde zako na mchicha wangu, nikampikia baba chungu chake peke yake kama ulivyoamuru. Nikamwekea mezani. Akauliza, "Hiki cha nani?" Nikamwambia chako, baba. "Na kile kikubwa?" Hicho chetu sisi. Akasema, "Kumbe nimeshakuwa mgeni humu ndani." Akala vijiko vitatu, akasukuma sahani, akaenda kukaa barazani na mguu wake.

Wewe unaandika "mpikie", mimi ndiye ninayetazamwa vile. Utakuja lini? Baba hakuulizi, mimi nakuuliza.

Asali imefika. Ahsante.

Mama Pacha


24 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwa wote. Waambie pacha kwamba shangazi yao naye alilia shuleni, tena mpaka darasa la nne, na leo anapika chakula cha watu wazima. Huku mvua imeanza, wagonjwa wa mafua wametujaa, wote wanataka supu na hakuna anayetaka kuosha bakuli.

Nimesoma barua yako nikatamani simu ile ile tuliyoikataa. Wifi, mgonjwa habembelezwi! Angekuwa huku wodini angepewa sahani yake, angenuna, angekula. Sisi wapishi tunanuniwa kila siku na hakuna aliyekufa kwa kununiwa. "Nimeshakuwa mgeni" ni maneno ya kukutoa machozi ili umletee mkate. Mimi namjua baba yangu. Aliwahi kumwambia mama kwamba anakufa, kumbe anataka kuongezewa nyama.

Haya, chukua hii, haina msimu, usije ukamsingizia dereva. Dengu kikombe kimoja. Zioshe, zichemshe na kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Karoti mbili zikate ndogo, utie. Zikiiva, kamulia ndimu juu, ndimu inasaidia mtu asitafute chumvi. Pembeni mpe mchicha uliopikwa kidogo tu, usiuue. Wanga uwe wa ngumi yake moja, mboga zijaze nusu ya sahani. Matunda ale tunda zima, asinywe juisi. Chai bila sukari, akigoma mpe maji.

Kuhusu kuja, mambo yakikaa sawa.

Natuma asali nyingine ya pacha. Hukuniambia kama iliwafaa.

Shangazi


6 Mei

Wifi,

Nimechelewa kujibu. Sina kisingizio, sikuwa na hamu.

Pacha hawajambo, wameng'oka meno ya mbele siku moja, wakapigana kila mmoja akidai la mwenzake ndilo lake. Mume wangu mzima, kimya kama kawaida yake. Ukimwuliza jambo la baba anatafuta waya wa kurekebisha.

Chungu cha peke yake nimekivunja. Sikukivunja kwa kukipiga chini, nimekirudisha kabatini. Sasa sote tunakula dengu zako. Mafuta kijiko kimoja sote, chumvi ya kubana sote. Mume wangu wiki ya kwanza alikuwa anaonja, ananitazama, anaonja tena, kama fundi anayetafuta tobo la bomba. Wiki ya pili alinyamaza, na tumbo lake limerudi ndani ya mkanda. Wakati huu kuna majani ya kunde kila kona, nayapika na karanga kidogo za kusaga na nyanya. Kuna samaki, nawachemsha na ndimu na pilipili hoho. Na baba anakula. Wifi, nakwambia anakula! Anachovya, anafuta sahani, anawaambia pacha, "Kuleni majani, mtapata meno." Siku hiyo nilishona nikiimba.

Kisha tukaenda kliniki, sukari imepanda.

Imepanda kuliko mwanzo. Muuguzi akashusha miwani, hakumtazama baba, alinitazama mimi. Akauliza, "Nani anampikia?" Foleni nzima ikageuka. Nikasema mimi. Ningesema nini?

Usiniulize zaidi ya hapo. Mengine siwezi kuandika.

Asali usitume tena. Kikohozi kimepona.

Mama Pacha


25 Mei

Wifi,

Salamu zifike kwa wenye kustahili.

Nimeisoma barua yako mbele ya majiko sita yanayowaka, na mwenye moto kuliko yote nilikuwa mimi. Mimi napikia wodi nzima ya wagonjwa wa sukari. Dengu zile zile, mboga zile zile, na sukari zao zinashuka. Dengu zikifika kwako, sukari inapanda. Sasa dengu zimebadilisha tabia njiani, au kuna mtu hasemi kweli?

"Mengine siwezi kuandika." Ndiyo nini hiyo? Unampa soda? Unamwachia pesa ya mkate? Au uko kwenye cherehani kutwa, jiko umewaachia watoto wasio na meno? Kama umemchoka baba yangu, sema, usimmalize polepole kwa mkono laini. Mimi niko mbali, lakini si mjinga. Nimewaona wake za watu wengi wakimpa mgonjwa anachotaka ili wapate utulivu wao.

Na eti nisitume asali. Hasira zako na mimi zinawahusu nini watoto? Pacha ni damu yangu. Natuma chupa mbili, utake usitake, na nimemwambia dereva amkabidhi baba mkononi, maana wewe sikuamini.

Nikiandika zaidi nitaandika nisichoweza kufuta.

Shangazi


30 Juni

Wifi,

Adabu inataka salamu, basi pokea: mimi mzima, mdogo wako wa damu mzima, pacha wazima. Baba amekatwa kidole kidogo cha mguu, Jumanne iliyopita. Kidole, siyo mguu. Daktari amesema mguu utabaki kama kidonda hiki kitafunga.

Umeniita muuaji kwenye karatasi, nikaikunja, nikaiweka chini ya cherehani, nikashona juu yake. Nilikuwa nimenyamaza kwa heshima. Sasa heshima imenigharimu kidole cha mkwe wangu, kwa hiyo nasema.

Ni asali yako.

Pacha hawajawahi kuionja. Chupa ya kwanza baba aliipokea mlangoni, akaiweka chumbani kwake. Niliviona siku nilipokuwa nabadilisha shuka, chupa na kijiko, nyuma ya mto. Nikamwambia, baba, hii ni sukari tupu, hii ndiyo inayokula mguu wako. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hii imetoka kwa mwanangu. Mwanangu ni mpishi wa hospitali, yeye ndiye anayejua. Angenitumia kitu cha kuniua?" Nikamwambia ni ya pacha. Akasema, "Ameandika ya pacha kwa sababu anaona haya kuandika ya baba."

Ningemjibu nini hapo? Wewe niambie, wewe unayejua mapishi yote.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Akanishika mkono. Mzee yule, mkwe wangu, akanishika mkono akaniomba nisikwambie, kwamba utakasirika, utaacha kutuma, na ukiacha kutuma hatasikia tena habari yako. Nikamuahidi. Nikamnyang'anya chupa, akanuna kama mtoto, nikamrudishia nusu. Ndiyo, hapo nilikosea, niandikie barua nzima juu ya hilo ukipenda. Halafu wewe ukampelekea mbili, mkononi, kwa sababu huniamini.

Na anakula vipi! Si kwa hamu. Baba maisha yake yote ameonja vitamu, wewe mwenyewe unajua alikuwa hataki hata kuviona akitoka kazini. Anafungua kifuniko, ananusa, anachota kijiko, anauliza, "Huko kuna maua gani?" Mimi najua maua ya huko? Wifi, inakera! Nimesimama kwenye moto, nimepunguza chumvi ya nyumba nzima, na kumbe kazi yangu yote inashindwa na kijiko kimoja cha mtu asiyekuja.

Sasa asali haipo, yote nimeimwaga mbele yake. Lakini tangu tumetoka hospitali hataki kula. Hali changu, hali chochote. Nimempikia bamia, maana ndio zimeanza, changa, zinavunjika kwa kidole, nikaziweka na nyanya na samaki. Akageukia ukutani. Nimemchemshia maharage mabichi, nimempondea kwa mwiko kama mtoto anayeachishwa ziwa. Amegeukia ukutani. Daktari anasema kidonda hakifungi kwa mtu asiyekula, na dawa zake hazimezwi tumbo likiwa tupu. Mume wangu alikaa naye kitandani, kisha akainuka akatengeneza bawaba ya mlango.

Na usiniandikie "mambo yakikaa sawa". Mambo gani? Tunayajua. Tanuri la baba lilipobomolewa uligombana naye uani, ukaapa mbele ya majirani kwamba hurudi mpaka uje na tanuri jipya. Nani alikutuma uape? Mzee anaumwa sukari, na wewe uko huko unajinyima ili uje umjengee tanuri la mikate! Mimi ni mshonaji tu, lakini hata nguo mbovu kama hiyo singeishona.

Nilimwuliza, baba, nimwandikie nini mwanao? Nilidhani hatajibu. Akasema akiwa amegeukia ukuta ule ule: "Mwambie aje mikono mitupu."

Nimeandika alivyosema.

Mama Pacha


11 Julai

Wifi,

Sikuulizi hali, nimekusikia ukiwafokea pacha kuhusu viatu, kwa hiyo ni mzima. Naandika juu ya boneti ya lori la vitunguu, ndiyo maana mwandiko unacheza, injini bado inanguruma. Niko nje ya geti lako. Dereva ndiye atakayekuletea barua hii, nimemwambia abishe taratibu.

Barua yako niliisoma jikoni. Nikavua aproni, nikaikunja, nikamwambia mkuu wa jiko nina mgonjwa wangu nyumbani. Akauliza nitarudi lini, nikasema mambo yakikaa sawa. Nikajisikia vibaya nilipoyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu.

Nimejaribu njia nzima kutafuta la kujitetea. Niliona haya, wifi, basi. Nilijitapa sana siku ile uani, watu wote wakisikia, na kila mwaka nilipohesabu nilichonacho hakikufika hata mlango wa tanuri. Chupa ya asali ilikuwa nyepesi kuituma kuliko kujileta mwenyewe. Sikujua baba ataifanya asali ndiyo barua yake. Ningepaswa kujua, ni baba yangu. Na yale niliyokuandikia Mei, sina pa kuyaweka. Ukitaka nikuombe radhi mbele ya foleni ile ya kliniki, nitakwenda, na muuguzi ashushe miwani anitazame mimi.

Sikuleta kitu. Nakwambia mapema usije ukatazama mikono yangu. Dereva alitaka kunipa gunia la vitunguu nisije mtupu, nikakataa, tukabishana kilomita nzima, akaniona mwehu. Mfukoni nina kitambaa na karatasi hizi. Hata mapishi sina, sijui huku ni msimu wa nini, njiani nimeona wanauza bamia na kitu cha kijani ambacho nimesahau jina lake.

Najua kuna ukuta anaoutazama. Mimi sijui kumlisha mtu asiyetaka, wodini tunaacha sahani pembeni, tunaandika "amekataa", tunaondoka. Kwa hiyo sitakuja kukufundisha. Nitakaa pale kitandani kwake, upande wa ukuta, apate kitu kingine cha kutazama. Akinifukuza nitarudi uani nikuoshee vyombo, mpaka aite.

Ukiamua kutonifungulia nitakuelewa, lakini nitabaki hapa getini, na wewe unajua sauti yangu ilivyo.

Ila nina njaa, wifi. Sijala tangu jana asubuhi. Mwambie baba hivyo, mwambie mwanao yuko nje na hajala, na hawezi kula peke yake. Kilichomo chunguni kinatosha.